Sindano na Uzi: Khabari za Waliosaidiana Mjini Kigali

Mji wa Kigali ulianzishwa katika mwaka wa 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa serikali ya Kijerumani. Pamoja na Wajerumani walikuja askari, makarani na wafanya biashara wa Kiswahili, na hao ndio walioutia Uislamu mizizi mjini humo. Katika mwaka wa 1913 ukajengwa msikiti wa Al-Fatah huko Nyamirambo.

Walipotawala Wabelgiji tangu mwaka wa 1916, Waislamu walitengwa katika mtaa wao wa Biryogo, ulioitwa Kambi ya Waswahili, na kusafiri kutoka humo kulihitaji ruhusa. Shule nazo zilikuwa mikononi mwa wamisheni, na wazazi wengi walichelea watoto wao wasije wakabadilishwa dini. Basi vijana wakashika kazi za mkono: ushoni, udereva, umakanika na biashara ndogo ndogo. Fundi alimfundisha mtoto wa jirani, naye alipokuwa fundi akamfundisha mwingine. Shule ya msingi ya Waislamu ilipofunguliwa mwaka wa 1957, na chama chao kilipoundwa mwaka wa 1964, desturi hiyo ya kurithishana ujuzi ilikuwa imekwisha komaa.

Kisha ukafika mtihani mkubwa kuliko yote. Kuanzia Aprili hata Julai 1994, Watutsi waliuawa kwa mamia ya maelfu. Waislamu wengi wa Nyamirambo na Biryogo waliwaficha jirani zao majumbani na misikitini, ijapokuwa si wote waliosalimika na lawama. Vita vilipokwisha, wajane walibaki bila waume, bila nyumba na bila chakula. Tena wengi walikuwa wamenajisiwa na kuambukizwa UKIMWI. Mjane aliyekuwa hivyo alibeba mizigo miwili: maradhi, na aibu iliyomzuia kuyataja.

Katika Januari 1995 wajane 50 walikutana Kigali wakaunda chama chao, AVEGA Agahozo. Neno agahozo kwa Kinyarwanda lina maana ya kuliwaza na kufuta machozi. Mwanzo hawakuwa na mali. Walikuwa na kusikilizana tu. Lakini Waswahili husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na kule kukaa pamoja ndiko kulikowapa ujasiri wa kupimwa. Walipopimwa wanawake 1,125 waliokuwa wamenajisiwa, takriban thuluthi mbili walionekana kuwa na virusi.

Hapo ndipo ilipodhihiri dhulma nyingine. Katika mahakama ya kimataifa ya Arusha, washitakiwa waliokuwa wagonjwa walipewa dawa gerezani, hali mashahidi walioteswa walikuwa wakifa majumbani bila dawa. Wajane na watetezi wao hawakunyamaza. Kuanzia mwaka wa 2004, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilianza kuenea nchini Rwanda kwa msaada wa mataifa, na wengi waliokwisha kata tamaa wakainuka vitandani.

Hata hivyo dawa peke yake haikutosha. Mgonjwa amezaye dawa kwa njaa hudhoofika, na mama asiye na kipato hana nauli ya kwenda zahanati. Kwa sababu hiyo, vyama vya wajane viliunganisha matibabu na mafunzo ya kazi: kushona, kusuka vikapu, kulima na kufuga. Fedha ya kikapu ilinunua chakula, chakula kikaipa dawa nguvu, na mwili wenye nguvu ukarudi kazini.

Huko Nyamirambo kwenyewe, katika mwaka wa 2007, wanawake 18 walianzisha Kituo cha Wanawake. Walifundisha bila malipo kusoma na kuandika, Kiingereza, kompyuta na kushona. Na katika darasa la cherehani wakazaa kikundi cha washonaji kiitwacho Umutima, yaani moyo. Hivyo katika mtaa ule ule ambamo wazee walishika sindano kwa kunyimwa darasa, wajukuu waliifanya sindano kuwa darasa lenyewe.

Mambo haya yaonyesha kwamba sadaka humshibisha mhitaji kwa siku moja, bali ujuzi humrudishia heshima yake. Mkono mmoja haulei mwana. Na mgonjwa naye hainuki kwa dawa tu, ila kwa mikono ya wenzake, na mwisho kwa mkono wake mwenyewe.