Weupe uliotoka katika risasi

Ukuta ukipakwa rangi nyeupe twasema nyumba imetakata. Leo tumeona vema kueleza weupe huo watoka wapi. Kwa miaka zaidi ya elfu mbili weupe uliosifiwa kuliko wote huko Ulaya ulikuwa sumu, na watu walijua.

Kwetu Kongo weupe ulipatikana karibu. Wazee walichimba udongo mweupe, mpemba, wakajipaka mwilini. Waashi nao walichoma mawe ya chokaa, wakayazima kwa maji, wakapaka kuta. Lakini udongo na chokaa, ukivichanganya na mafuta, hupoteza weupe wao, vikawa kama uji mchafu. Ndiyo sababu mafundi wa Ulaya, waliopaka mbao na picha kwa rangi ya mafuta, walishikamana na risasi.

Kazi yenyewe ni hii. Mgiriki Theophrastus, karibu miaka 300 kabla ya Kristo, aliandika jinsi walivyoweka risasi juu ya siki ndani ya chungu, wakakwangua kutu nyeupe iliyoota. Baadaye Waholanzi walifanya vivyo hivyo kwa wingi: vyungu vyenye siki na risasi vilipangwa safu juu ya safu, vikazungukwa na samadi ya farasi. Samadi ikioza hutoa joto na hewa nzito. Baada ya majuma mengi risasi ya kijivu imegeuka magamba meupe. Tena magamba hayo husagwa na kuchanganywa na mafuta. Hivyo mavazi ya malaika katika picha nyingi za kale yalipata weupe wake chini ya samadi!

Kwenye ukuta wa chokaa, lakini, risasi haikai vema. Katika basilika ya Mtakatifu Fransisko huko Assisi, Cimabue alichora kuta mwishoni mwa karne ya 13. Mahali alipotia weupe wa risasi pamegeuka peusi, hata nyuso zinafanana na picha ambayo mpiga picha hajaisafisha bado.

Sasa tuwatazame wafanyakazi. Vitruvius, mjenzi wa Roma katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alikataza mabomba ya risasi kwa maji ya kunywa, kwa kuwa weupe utokao katika risasi husemwa kuwa wadhuru mwili. Akataja na nyuso za wafua risasi jinsi zilivyopauka. Kwa hiyo hakuna anayeweza kujitetea kwamba ujuzi ulichelewa. Katika karne ya 19, huko Newcastle, Uingereza, wanawake maskini ndio waliotoa magamba katika vyungu na kuyabeba kichwani mpaka kwenye majiko ya kukaushia. Vumbi liliingia kinywani na mapafuni. Tumbo liliwasokota, mikono ikalegea kwenye kiwiko cha kiganja, mimba zikatoka, wengine wakashikwa na kifafa wakafa. Mwaka 1898 serikali iliwakataza wanawake kazi hiyo ya hatari. Wanaume waliendelea.

Dawa ilikuwa imepatikana zamani. Katika miaka ya 1780, mjini Dijon, Guyton de Morveau alishauri watu watumie weupe wa zinki, madini yale yale yanayochimbwa Kipushi karibu na Lubumbashi. Wakasema ni ghali, tena haufuniki vizuri kama risasi. Mtu aliyeushika kwa moyo hakuwa mwanachuoni, bali bwana wa wapaka rangi mjini Paris, Edme-Jean Leclaire, mwana wa fundi viatu. Aliona watu wake wanaugua, akatafuta njia ya kutengeneza weupe wa zinki kwa bei nafuu, na katika miaka ya 1840 akaanza kuutumia badala ya risasi. Tangu 1842 aligawia wafanyakazi wake sehemu ya faida pia. Sisi twamhesabu mkubwa kuliko wachoraji wengi wenye sifa.

Sheria zilimfuata polepole. Ufaransa iliamua mwaka 1909 kukataza weupe wa risasi katika kazi ya kupaka majengo. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa mapatano ya kuukataza ndani ya nyumba, isipokuwa stesheni na viwanda vyenye lazima, na kuwazuia wanawake wote na vijana wasiotimiza miaka 18. Marekani haikuyapokea, huko rangi ya risasi iliondolewa nyumbani mwaka 1978 tu.

Kumbe kilichoishinda risasi sokoni ni titani. Viwanda vya Norwe na Marekani vilianza kutengeneza weupe wake karibu na mwaka 1920. Wafunika vizuri kuliko risasi, na kuta nyingi za leo ni nyeupe kwa huo. Hutoka katika mchanga mweusi, kama ule uliochimbwa Kwale, Kenya, tangu 2013 hata 2024.

Hata hivyo, mwanzoni mwa 2024 karibu nusu ya nchi za dunia zilikuwa bado hazina sheria ya kuzuia risasi katika rangi. Na penye nyumba za zamani rangi ile ingali ukutani, chini ya tabaka mpya. Fundi akiikwangua bila kuilowesha kwanza, vumbi lile lile la Newcastle humwingia yeye na watoto wanaocheza karibu naye.