Faini ya kupitisha muda wa visa: Anachopaswa kujua msafiri

MSAFIRI aliyeingia nchi ya kigeni kwa visa ya utalii na kusalia humo baada ya muda wake kumalizika huanza kudaiwa faini bila ya kuandikiwa barua wala kupigiwa simu. Deni hukua kila kuchapo, na mara nyingi mwenyewe hulitambua akiwa tayari katika uwanja wa ndege.

Wapo Wakenya wanaoingia Dubai na miji mingine ya Milki za Kiarabu kwa visa ya matembezi, wakitarajia kupata kazi kabla ya siku zao kuisha. Kazi isipopatikana, fedha za matumizi huwa zimekwisha, na faini nayo imeanza kuhesabiwa.

Kabla ya Oktoba 2022, mtalii aliyepitisha muda katika nchi hiyo alitozwa dirham 100 kwa siku, ilhali aliyekuwa na kibali cha ukaazi alitozwa dirham 25. Tangu wakati huo wote hutozwa dirham 50 kwa siku, yaani takriban Sh1,750 kwa viwango vya ubadilishaji vya mwaka 2025.

Haba na haba hujaza kibaba. Aliyekawia siku 30 hudaiwa dirham 1,500. Wa siku 100 hudaiwa dirham 5,000. Naye aliyemaliza mwaka mzima hudaiwa dirham 18,250, ambazo ni zaidi ya Sh600,000. Ada za huduma na za kibali cha kuondoka huweza kuongezwa juu ya hapo.

Aidha, wapo wanaoamini kwamba visa ikiisha msafiri hupewa siku 10 zaidi bila ya faini. Utaratibu huo uliondolewa mjini Dubai mwaka 2023, na anayeutegemea hujiongezea deni.

Hatua ya kwanza kwa aliyekawia ni kujua kiasi anachodaiwa. Idara za uhamiaji za Milki za Kiarabu huwezesha mtu kuangalia faini yake kupitia mtandao au katika vituo vyao vya huduma. Visa ikiwa bado haijaisha, ni nafuu kulipia nyongeza ya muda kuliko kungoja faini.

Hatua ya pili ni kulipa kwa njia rasmi na kupokea risiti. Wakala anayedai kwamba anaweza kufuta faini kwa malipo ya chini ya meza ni wa kuepukwa, kwa kuwa kumbukumbu za deni zimo katika kompyuta za serikali. Vilevile, msafiri aulize iwapo kampuni iliyomwombea visa imemripoti kuwa ametoroka, kwani ripoti hiyo huweza kumzuia hata baada ya kulipa.

Aliyepoteza pasipoti hana budi kuwaendea maafisa wa Kenya katika ubalozi ulioko Abu Dhabi au ubalozi mdogo wa Dubai, ili apewe hati ya kusafiria. Hata hivyo, ubalozi hauna mamlaka ya kufuta faini iliyotozwa na nchi nyingine.

Mara kwa mara serikali ya Milki za Kiarabu hutoa msamaha. Ule wa mwaka 2024 ulianza Septemba 1 na, baada ya kuongezwa muda, ukamalizika Desemba 31. Waliojitokeza walisamehewa faini na kuruhusiwa kuondoka bila ya kupigwa marufuku kurejea. Lakini msamaha haupangiwi ratiba, na kuungoja ukiwa mafichoni ni kucheza pata potea.

Kwingineko sheria ni tofauti. Nchini Thailand faini ni baht 500 kwa siku, nayo haizidi baht 20,000. Lakini tangu Machi 2016, aliyepitisha zaidi ya siku 90 akajisalimisha mwenyewe hufungiwa mlango kwa angalau mwaka mmoja, ilhali anayekamatwa kabla ya kujisalimisha hufungiwa miaka mitano, au kumi iwapo alizidisha mwaka.

Marekani haitozi mtalii faini ya siku, ila adhabu yake ni nzito zaidi. Anayekaa kinyume cha sheria zaidi ya siku 180 kisha akaondoka huzuiwa kurejea kwa miaka mitatu. Aliyefikisha mwaka huzuiwa miaka kumi. Tarehe ya kuzingatiwa si ile iliyochapishwa kwenye visa, bali ile anayopewa msafiri na afisa wa uhamiaji anapoingia.

Iwapo mtu atakamatwa, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu masuala ya kibalozi humpa haki ya kuomba ubalozi wa nchi yake uarifiwe. Ni vyema aidai haki hiyo mapema, na asitie saini karatasi asiyoielewa.

Kinga iliyo bora ni kuandika tarehe ya mwisho ya kukaa siku ile ile ya kuingia, na kutenga nauli ya kurudi ambayo haitaguswa hata njaa ikibisha hodi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.