Meya Alichaguliwa na Nani?

Ukimtajia kijana wa Mji wa Kale neno meya, atakutazama kama umemtolea senti kumi. Si kosa lake. Tangu Machi 2013 Mombasa ina gavana, na baraza la manispaa limebaki kwenye hadithi za wazee. Lakini mimi naona hadithi hizo zina deni kwetu.

Zamani, kura yako ya mtaani iliishia kwa diwani. Meya alichaguliwa na madiwani wenyewe, ndani ya ukumbi, na miongoni mwao walikuwamo walioteuliwa na waziri Nairobi. Mtindo huo tuliurithi kwa Waingereza. Hadi leo, katika halmashauri nyingi za kwao, kiongozi hutoka kwa madiwani. Chama kikipoteza viti, naye huondoka. Kwetu sisi, tangu 1982 chama halali kilikuwa kimoja tu, KANU. Sasa hapo chama gani kingepoteza viti kwa nani? Mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, watu walipangwa mlolongo nyuma ya mgombea, jirani akikuona umesimama wapi.

Mlango ulifunguliwa Desemba 1991, vyama vingi viliporuhusiwa. Mombasa ikachemka. Chama cha Kiislamu, IPK, kilinyimwa usajili, na mwaka 1992 mji ukaona ghasia na moshi wa vitoa machozi. Hata hivyo Shariff Nassir wa KANU, mbunge tangu 1974, alibaki na kiti cha Mvita. Alikuja kung'oka 2002, wimbi la NARC lilipompa kiti hicho Najib Balala, ambaye tayari alikuwa ameonja umeya mwaka 1998 hadi 1999.

Baada ya hapo chungwa la ODM likatawala. Hassan Joho akawa gavana wa kwanza, vipindi viwili. Mwaka 2022 kura ya ugavana Mombasa iliahirishwa kutoka Agosti 9 hadi 29 kwa sababu ya karatasi za kura zilizochanganywa, na aliyeshinda ni Abdulswamad, mtoto wa Shariff Nassir. Baba KANU, mwana ODM. Chama kimebadilika, jina la nyumba ni lile lile. Wengine husema basi hakuna kilichobadilika.

Mimi sikubali. Kilichobadilika ni njia. Gavana lazima aje mwenyewe kuomba kura Makadara, Likoni na Jomvu. Hawezi kupatikana kwa kunong'onezana ukumbini. Na juu yake kuna bunge la kaunti, lenye wawakilishi wa wadi 30, linalopitisha bajeti na linaloweza, kwa kura za theluthi mbili, kumshtaki gavana ili aondolewe.

Shida yetu iko hapo kwenye wadi. Barazani, kahawa ikipita, tunabishana usiku kucha kuhusu gavana na rais. Muulize mtu mwakilishi wa wadi ya Mji wa Kale/Makadara alisema nini bajeti ilipopita, utasikia kimya. Wazee wetu walinyimwa kumchagua meya. Sisi tumepewa kura ya gavana na ya mwakilishi wa wadi, na hii ya pili tunaitia sandukuni kama chenji iliyobaki mfukoni.