Paa la Behewa: Safari Ndefu ya Kumkinga Fundi Asianguke

Kabla ya breki za hewa, treni ya mizigo ya Marekani ilisimamishwa na watu waliokimbia juu ya mapaa yake. Dereva alipopiga honi ya kuomba breki, vijana waliokaa huko juu walilifuata gurudumu la chuma lililokuwa kwenye ncha ya kila behewa, wakalizungusha kwa nguvu, mara nyingi kwa kulitia rungu ili likaze zaidi, kisha wakaruka hadi behewa la pili. Njia yao ilikuwa ubao mwembamba uliopigiliwa katikati ya paa, mita kadhaa kutoka ardhini, bila kitu cha kushika. Mvua ikinyesha au barafu ikiganda juu ya ubao, kazi ilikuwa ile ile.

Hatari nyingine ilikuja kwa mbele. Madaraja na mahandaki mengi hayakumtosha mtu aliyesimama juu ya behewa. Kinga iliyobuniwa ni safu ya kamba fupi zilizoning'inizwa juu ya reli, hatua kadhaa kabla ya daraja. Zikimchapa mtu mwilini, hasa gizani, alijua amebakiwa na sekunde chache za kulala kifudifudi. Kampuni za reli zilikuwa na fedha za kujenga njia kutoka bahari hadi bahari, lakini kwa miaka mingi hiyo ndiyo kinga aliyopewa mfanyakazi wa juu ya paa: kuchapwa na kamba.

Aliyelishikia bango suala hili ni Lorenzo Coffin, mkulima wa Iowa ambaye hakuwa mfanyakazi wa reli. Mwaka 1874 alimwona mfanyakazi wa breki akikatika vidole viwili wakati wa kuunganisha mabehewa. Tangu siku hiyo aliandika barua, alihutubia mikutano, aliwafuata wakuu wa kampuni na hatimaye wabunge. Dawa aliyoitaka kwa watu wa juu ya paa ilikuwa tayari ipo. George Westinghouse alipata hataza ya breki yake ya hewa mwaka 1869, na treni za abiria zikaanza kuitumia mapema. Treni za mizigo zilibaki nyuma kwa sababu behewa la kampuni moja lilivutwa katika reli za kampuni nyingine, na hakuna aliyetaka kugharamia breki ambazo jirani yake hana. Kulikuwa na tatizo la kiufundi pia. Katika majaribio ya Burlington, Iowa, mwaka 1886, breki za treni ndefu zilikamata mbele kabla ya nyuma, na mabehewa ya mwisho yakaja kugonga kwa kishindo. Westinghouse alirudi kwenye karakana, akaboresha vali yake, na kufikia mwaka uliofuata treni ndefu iliweza kusimama kwa utulivu.

Rais Benjamin Harrison alilifikisha jambo hili bungeni mwaka 1889, akisema ni aibu kwa ustaarabu wa nchi kwamba mtu anayefanya kazi ya lazima na yenye manufaa awe katika hatari sawa na ya askari vitani. Tarehe 2 Machi 1893 alitia saini sheria ya vifaa vya usalama vya reli. Ndani yake hamkuwa na mkanda wala kamba ya kujifunga. Ilitaka mabehewa ya kutosha yawe na breki ambazo dereva anaweza kuziendesha mwenyewe, bila mtu kupanda juu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna kifaa cha kuzuia kuanguka kilichowahi kuishinda sheria hiyo, kwa kuwa ilianza kwa kuuliza mtu anapanda kufanya nini.

Mapaa hayakuhamwa kwa siku moja. Sheria ya nyongeza ya mwaka 1910 bado ilidai ngazi imara, mbao imara za kutembelea na vishikio juu ya paa, ishara kwamba watu waliendelea kupanda. Ni mwaka 1966 tu ambapo mabehewa mapya yaliyofunikwa yaliruhusiwa kujengwa bila ubao ule.

Aliyebaki juu ni fundi. Kichwa cha treni ya dizeli kina feni na mabomba ya moshi paani. Lori la mafuta lina vifuniko na vali juu ya tenki. Ndege ina mgongo mpana unaoteleza. Huyu hasafiri na chombo, anakihudumia kikiwa kimesimama, na pengine ndiyo sababu hatari yake ilichelewa kuonekana.

Kwa muda mrefu kinga yake ilikuwa mkanda wa kiunoni. Mkanda huo ulimzuia mtu asifike chini, lakini kishindo chote kilikwenda tumboni na kwenye uti wa mgongo, na aliyening'inia vibaya aliweza kuchomoka. Mkanda wa mwili mzima huugawa mzigo huo kwenye mapaja, nyonga, kifua na mabega. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, iliyotokana na sheria ya mwaka 1970, ilitoa kanuni mpya za ujenzi mwaka 1994, na kuanzia tarehe 1 Januari 1998 mkanda wa kiunoni ukapigwa marufuku kama kifaa cha kumdaka anayeanguka. Marufuku hiyo ilikuwa ya wajenzi. Fundi wa karakana aliisubiri hadi kanuni za mwaka 2016, zilizoanza kutumika Januari 2017.

Hata mkanda ulio bora una hesabu yake. Kanuni za Marekani huruhusu mtu aanguke hadi mita 1.8 kabla kamba haijakaza, kisha hadi mita 1.07 za kupunguza kasi. Jumla inakaribia mita 2.9. Anayeanguka kutoka kwenye tenki lenye kimo cha mita 3.5 hubakiwa na takriban sentimita 60 chini ya miguu yake, kabla ya kuhesabu kunyooka kwa mkanda wenyewe. Akiwa amefunga kamba usawa wa miguu, anaweza kugonga sakafu kabla haijamsimamisha. Vyombo vya usafiri vina kimo kinachotosha kuua na kisichotosha kwa kamba ndefu.

Jibu la karakana limekuwa reli ya chuma iliyofungwa juu ya njia ya kuingizia chombo. Kutoka kwenye reli hiyo hushuka kamba inayojikunja yenyewe, nayo hukaza ghafla ikivutwa kwa kasi, kama mkanda wa kiti cha gari. Mahali pa kuifungia hutakiwa kustahimili takriban kilo 2,270 kwa kila mtu. Karakana nyingine hutumia majukwaa yenye vizuizi yanayosogezwa hadi ubavuni mwa chombo. Kwenye ndege hutumiwa pia vibandiko vya ombwe vinavyonata juu ya bodi bila kuitoboa.

Reli ya juu kwa kawaida huhitaji paa la jengo au ukuta wa kuishikilia. Mwaka 1996 OSHA iliwaandikia wakaguzi wake kwamba haifai kumshtaki mwajiri chini ya kanuni ya vifaa vya kujikinga kwa hatari ya kuanguka kutoka juu ya mabehewa na magari, isipokuwa chombo kiwe ndani ya jengo au kando ya jengo ambalo linaweza kufungwa kinga hiyo. Ilipoandika upya kanuni zake mwaka 2016, mamlaka hiyo haikuweka masharti mahususi kwa vyombo hivyo. Kwa hiyo fundi anayepanda juu ya tenki ndani ya karakana ana kanuni iliyo wazi ya kumtetea, na mwenzake anayepanda juu ya tenki kama hilo uani hana, ingawa urefu wa kuanguka ni ule ule. Kwa malori ya mafuta, suluhisho limetoka upande mwingine: tangu miaka ya 1970 vituo vingi vya Marekani vimehamia kwenye kujaza mafuta kupitia vali za chini ya tenki, ili kupunguza mvuke unaochafua hewa, na dereva hujaza tenki lake akiwa amesimama ardhini.