Mawe ya Redio

Historia ya redio Tanzania husimuliwa kwa majina ya vituo: Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza 1951, shirika la utangazaji la Tanganyika la 1956, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam kuanzia Julai 1965. Ukiitazama kutoka Zegereni, Kibaha, simulizi hiyo imeelemea upande wa anayesema na kumsahau anayesikiliza. Kibaha iko kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam, si mbali kwa masafa ya kati. Kilichokosekana vijijini ni nguvu ya kuendesha chombo. Redio ya vali haitoi sauti mpaka nyuzi zilizo ndani ya vali zipate moto, na moto huo unakula umeme. Transista, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1947, haina uzi wa kupasha. Redio zake zilipoingia sokoni kuanzia 1954, mawe machache, yaani betri kama za tochi, yakatosha. Yakichoka, watu waliyaanika juani wapate saa mbili tatu zaidi za taarifa ya habari. Kwangu mimi, mawe hayo yalimfikishia mwanakijiji redio kuliko mnara wowote.

Yupo atakayepinga akisema betri zilitangulia transista. Ni kweli: mwaka 1949 redio ya vali yenye umbo la sufuria ilianza kuuzwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kwa pauni 5, ikitumia betri kavu. Lakini betri yake ilikuwa kubwa, ya aina yake peke yake, na iligharimu shilingi 25. Ikiisha, mwenye redio alibaki na sufuria kweli. Pingamizi zito zaidi ni la kampeni ya elimu ya afya ya Tanzania, Mtu ni Afya ya 1973, iliyokusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza: redio moja iliwatosha wengi, basi uchache wa vyombo haukuwa kikwazo. Nakubali vikundi vilifanya kazi kubwa, tena ya kuheshimika. Ila redio ile moja ilibebwa hadi mahali pa kikundi, na kilichowezesha kuibeba ni mawe.

Kipimo hicho, cha nguvu inayoendesha chombo, kinaihusu pia kadi ya redio ya kompyuta. Kwenye mfumo endeshi wa Linux, kadi ya zamani kama RadioTrack ilimtaka mtumiaji apakie moduli yake na kuitajia anwani, 0x20f au 0x30f, kisha aunganishe waya mfupi hadi kwenye kadi ya sauti na kufungua sauti ya njia hiyo, la sivyo stesheni ingekamatwa na bado pangekuwa kimya. Ufundi wenyewe ni mzuri, na programu yake iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Lakini kadi hiyo iliirudisha redio kwenye soketi ya ukutani, mahali ilipotolewa na transista, na kwa kijiji kisicho na umeme haikuwa na cha kushindana na redio ya mawe.