Kuhama na mtoto baada ya talaka (Marekani)

Sheria za Marekani hazimkatazi mzazi aliyeachana na mwenzake kuhama jimbo. Kinachodhibitiwa ni makazi ya mtoto. Mzazi anayelea huona huo ni mchezo wa maneno: yeye akipata kazi Texas huenda akahitaji kibali, ilhali mwenzake aweza kufungasha virago kesho bila kuuliza mtu. Lalamiko hilo lina uzito, na mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba mzazi mwenye ulezi hahitaji kuthibitisha kuwa kuhama kwake ni kwa lazima. Lakini mwaka 2004 mahakama hiyohiyo ilikumbusha kwamba madhara kwa uhusiano wa mtoto na mzazi anayebaki yaweza kutosha kubadili amri ya ulezi. Hapo ndipo penye hoja nzito zaidi, kwani Jumatano za kumchukua mtoto shuleni hazifidiwi na simu ya video. Florida hupima kwa umbali: kuhamia maili 50 au zaidi kutoka makazi ya awali, kwa angalau siku 60 mfululizo, huhitaji ridhaa ya maandishi au amri ya mahakama. Kuondoka kimyakimya nako hakusaidii. Kwa kawaida jimbo lililotoa amri ya kwanza hubaki na mamlaka maadamu mzazi mmoja bado anaishi humo.