Makorongo ya Masama na Njia za Mifongo

Mtu asimamaye Boma la Ng'ombe asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajaufunika Mlima Kilimanjaro, na kuelekeza uso wake kaskazini-mashariki, aghalabu macho yake hutua kwanza juu ya Kibo na theluji yake. Lakini akiyashusha kidogo, chini ya msitu, ataona mistari myeusi iteremkayo kwa mamia kama mikunjo ya kanzu. Mistari hiyo ni makorongo. Katika kurasa hizi tunakusudia kueleza habari za makorongo hayo upande wa Masama, na za njia zipitazo ndani yake, maadamu njia hizo ni sehemu ya historia yetu ambayo haijaandikwa vya kutosha.

Masama imekaa juu ya migongo ya mlima. Upande wa mashariki korongo la mto Kikafu laitenga na Machame, na kati ya mgongo na mgongo yapo makorongo mengine madogo yenye vijito vyake. Zamani korongo lilikuwa mpaka na ngome. Umangi mmoja ulitengwa na mwingine na kina cha bonde, na adui aliyetaka kuvuka ilimpasa ateremke gengeni kisha apande upande wa pili huku akionekana na wenyeji. Ndiyo maana hata leo watu wa mgongo mmoja hutambulikana na wa mgongo mwingine kwa matamshi yao.

Lakini korongo lililowalinda watu liliwanyima maji. Vihamba vya migomba viko juu, mto uko chini kabisa, na kati yao pana ukuta wa mawe na udongo. Mvua ni nyingi msituni. Upande wa kusini, kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, hunyesha takriban milimita 3,000 kwa mwaka. Kadiri mtu ateremkavyo kuelekea tambarare, ndivyo mvua ipunguavyo. Basi wazee waliutazama mto unaopita chini ya miguu yao, wakajiuliza namna ya kuupandisha. Jibu lao lilikuwa kuufuata korongoni kwenda juu, hadi mahali ambapo kitako cha mto kimeinuka kuliko vihamba vyao, na kutoka hapo kuyaongoza maji polepole ubavuni mwa korongo mpaka yatokeze mgongoni. Mfereji huo kwa lugha za Uchaggani huitwa mfongo.

Mwaka jana, msimu wa kiangazi, tulipanda korongo moja la Masama tukiongozwa na mzee wa ukoo mmoja wa huko, mtu wa miaka themanini na ushei, aliyeshika panga mkononi na kutembea mbele yetu bila kuhema. Tuliacha barabara ipandayo kutoka Kwa Sadala, tukapita kati ya migomba na mibuni, tukaingia kijia chembamba kilichoandamana na mfongo. Kushoto kwetu palikuwa na ukuta wa mlima wenye majani na kuvumwani. Kulia palikuwa na genge, na sauti ya mto ikitoka chini pasipoonekana maji. Mahali pengine mawe yalikuwa yamepangwa kuushikilia ukingo.

Baada ya mwendo wa saa nzima tulimwambia, "Mzee, mbona hatuchoki? Tulidhani tutapanda mlima."

Akacheka. "Mwanangu, njia hii haikupimwa kwa miguu ya mtu. Ilipimwa kwa maji. Yangekwenda mbio, yangeukata ukingo. Yangekwenda pole mno, yangelala njiani. Wewe unatembea mwendo wa maji."

Hapo ndipo tulipotambua jambo ambalo macho yetu yalikuwa yameliona tangu asubuhi. Njia ile nzuri, ambayo mgeni angeipita kwa kupendezwa na mandhari tu, ni kazi ya mikono. Waliouchimba mfongo hawakuwa na kipimo cha vioo wala ramani. Waliyaachia maji kidogo kidogo nyuma ya jembe, wakatazama yaendako. Palipokuwa na mwamba waliuzunguka, na palipokuwa na mwanya waliweka gogo lililochimbwa ndani ili maji yavuke. Kijia kando yake kiliachwa kwa makusudi, ili mlinzi wa mfongo apite kila siku na kuziba palipovuja.

Historia za Kilimanjaro tulizofundishwa shuleni huanza na wageni. Twajua kwamba Johannes Rebmann aliiona theluji mwaka 1848, kwamba Charles New alifika Moshi mwaka 1871, na kwamba Hans Meyer pamoja na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Hatuwanyimi sifa yao. Lakini yafaa tukumbuke kwamba wageni hao walikuta mlima uliokwisha kutembewa. Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza Moshi, alipoandika kitabu chake cha mwaka 1924 juu ya mlima na watu wake, aliieleza mifongo kwa mshangao. Mwanaakiolojia wetu Fidelis Masao naye aliiandikia makala maalumu mwaka 1974.

Mfongo ulikuwa pia serikali ndogo. Aghalabu ulipewa jina la mwanzilishi wake, na ukoo wake ukashika ulinzi. Kila mwenye kihamba alikuwa na zamu yake ya maji; usiku maji yalikusanywa katika bwawa dogo liitwalo nduwa, asubuhi yakafunguliwa. Siku ya kazi ilipotangazwa, kila nyumba ilitoa mtu. Asiyetokea alitozwa faini, mara nyingi pombe ya mbege, na mbege yenyewe ilitokana na ndizi na ulezi ambao haukustawi kiangazi bila maji ya mfongo. Kwa hiyo hata faini ilirudi kwenye mfongo.

Hatusemi kwamba kila kitu cha kale kilikuwa chema. Wanawake walikatazwa kufika kwenye banio, yaani mahali maji yanapotolewa mtoni, ingawa wao ndio waliobeba vyombo vya maji kichwani na ndio waliojua siku ipi nyumba ilikauka. Mila ya namna hiyo haifai kurithiwa.

Halafu nyakati zikabadilika. Msitu ulitangazwa hifadhi mwaka 1921, na mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa nusu maili kwenye ukingo wake ili wananchi wapate kuni na malisho. Baada ya Uhuru wa 1961 umangi ulikomeshwa. Sheria ya Maji ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote chini ya Taifa, na haki ya kuyatumia ikapasa kuombwa. Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1973 ilipanuliwa mwaka 2005 ikauchukua msitu. Maji ya bomba nayo yalifika vijijini, na hakuna mtu mwenye akili atakayeyalaumu, kwani yamewapunguzia kina mama mizigo na watoto maradhi.

Sisi wenyewe, katika utumishi wetu, tumeandika taarifa zilizoitaja mifongo kuwa "mifereji ya kienyeji ipotezayo maji". Ni kweli kwamba mfereji wa udongo huvuja. Lakini katika taarifa zile hatukuandika ni nani aliyeulinda, wala ni jambo gani litakalopotea pamoja nao.

Jambo hilo tuliliona kwa macho karibu na ukingo wa msitu. Hapo mifongo miwili ilitoka mto mmoja. Wa kwanza ulikuwa hai, maji yake meupe yakipita juu ya changarawe. Wa pili ulikuwa mtaro mkavu uliojaa majani, na kijia chake kimefungwa na miiba. Mzee alifyeka kidogo, akatuonyesha mahali ukingo ulipoporomoka.

"Ufa ulikuwa wa upana wa mkono," akasema. "Watu walisema wataziba baada ya mavuno. Mvua ya masika ikatangulia. Baba yangu alikuwa na zamu katika mfongo huu."

Hakusema zaidi, nasi hatukumwuliza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta haukujengwa.

Kutoka pale banioni tuliutazama msitu uliokuwa mbele yetu. Wengi hudhani kwamba mito hii huzaliwa na theluji, na kwa kuwa barafu ya Kibo ilipungua kwa asilimia 85 hivi kati ya mwaka 1912 na 2007, huhofu kwamba mito itakufa pamoja nayo. Wataalamu wametueleza kwamba sehemu kubwa kabisa ya maji hutoka katika msitu, unaoipokea mvua na ukungu na kuyaachilia maji taratibu. Makorongo nayo yameulinda msitu huo. Mwaka 2016 ilitangazwa habari ya mti wa jamii ya mkangazi, wenye kimo cha mita 81.5, uliogunduliwa katika bonde moja la mlima huu. Ndio mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika. Bonde hilo ni la mbali na gumu kufikika, na ugumu huo uliuokoa na shoka.

Maji tuliyoyaona yakipita hayaishii Masama. Yasiyochukuliwa na mfongo huteremka katika Kikafu, huingia Kikuletwa, hujaza bwawa la Nyumba ya Mungu, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale, na mwisho huifikia Bahari ya Hindi kule Pangani. Mvuvi wa pwani na mkulima wa mgongoni hawajuani, lakini wananyweshwa na msitu mmoja.

Basi twapendekeza mambo matatu. Kwanza, majina ya mifongo na ya koo zilizoichimba yaandikwe kijiji kwa kijiji wakati wazee wangali hai. Pili, vyama vya watumia maji vichukue kilicho chema katika desturi za mfongo, yaani zamu, siku ya kazi na faini, na viwape wanawake nafasi kwenye banio na kwenye baraza. Tatu, walimu wawapeleke watoto korongoni, waitembee njia ya mfongo kutoka kihambani hadi banioni, kila mmoja na jembe lake.

Tuliporudi jioni, mzee alisimama mara mbili kwenye mfongo ulio hai. Mara ya kwanza aliondoa tawi lililoanguka majini. Mara ya pili aliinama, akachukua konzi ya udongo na majani ya mgomba, akaziba tundu dogo ambalo sisi hatukuwa tumeliona.